Bangili za Madamu

Naikumbuka sana Ijumaa moja ya Doha, miaka ile kila ukitazama ni winchi na vumbi la ujenzi. Nilikuwa mpishi kwenye nyumba moja Al Thumama, na pilau yangu, mwanangu, wageni walikuwa wakiiulizia kabla hawajavua viatu. Kusoma sikusoma, lakini jiko lile lilinitii. Raha yetu ilikuwa Ijumaa: tunajikusanya Al Mansoura, chumba kidogo, moshi wa udi, vigelegele mpaka majirani wanagonga ukuta. Ah, siku zile!

Ijumaa hiyo mwenzetu alikuwa anaolewa. Mwanaidi, msichana wa Unguja aliyefanya usafi nyumbani kwetu, akavaa bangili za dhahabu za madamu, tajiri wetu, bila kumwambia. Kwao kwenda harusini mikono mitupu ni aibu; dhahabu inaazimwa kwa shangazi, kwa jirani, kesho yake inarudi. Akacheza, akatamba! Tuliporudi, madamu ameshazikosa bangili zake, na askari wako sebuleni.

Kituoni, dereva wetu Kombo akamnong'oneza, "Sema alikupa mwenyewe."

"We Kombo, nyamaza!" nikamkatiza. "Akisema hivyo anamfanya madamu mwongo mbele ya askari. Nani atamsamehe tena?"

Maana afisa alishatueleza: kosa ni la kwanza, mwenye mali akisamehe, faili linafungwa hapo hapo. Asiposamehe, ni mahakamani, jela, kisha ndege ya kurudishwa kwao, na huko wangemwita mwizi mpaka anaingia kaburini.

Mwanaidi akafuta kamasi. "Nilizichukua mimi, Madamu. Nilitaka kupendeza. Ningezirudisha."

"Kwa nini hukuniomba?"

"Niliogopa utakataa."

Madamu akamkazia macho. Mwisho akacheka kidogo, puani. "Ningekataa kweli," akasema, kisha akamgeukia afisa: "Khalas, basi, nimesamehe."

Lakini hakusamehe bure. Mwanaidi alitia saini kwamba hatarudia, na Ijumaa zake zote mpaka Ramadhani ipite akazitumie kwa mama mzazi wa madamu, amkande miguu. Bibi yule alikuwa mkali, kahawa ikipoa kidogo tu anaimwaga! Mwanzoni Mwanaidi alikuwa akirudi analia. Baadaye nikawa nasikia kwa Kombo, aliyekuwa akimpeleka, wanavyocheka pamoja. Ramadhani ikapita, na yeye akaendelea kwenda, hakuna aliyemtuma.

Sasa nisikilize, mwanangu. Ukikosea, kubali kwa kinywa chako mwenyewe kabla uongo haujalikuza kosa. Usimsikilize anayekupa maneno ya kujiokolea, kesho hatakuwepo. Na siku ukikosewa wewe, usikimbilie kumfunga mtoto wa mwenzio kwa kosa lake la kwanza. Mpe kazi ya kulipia, kisha umtazame anavyoifanya. Jela ingemfundisha nini Mwanaidi, zaidi ya kuwajua wezi wa kweli?

Mola akupe ulimi usioogopa kukiri, na siku utakapoteleza akukutanishe na mtu atakayekuuliza kwanza kabla ya kukuhukumu.