Padre Aje Baada ya Novena

Katika jumuiya yetu ya Kikatoliki ya mtaa wa Izia mimi ndiye niliyekuwa natumwa kwa wagonjwa. Sikusomea kazi hiyo. Nina mdomo tu, na mdomo wangu hauchoki. Mtu akilazwa au akifiwa, wenzangu walinigeukia wakasema, mwenyekiti, nenda wewe. Nilikwenda. Nilikaa pembeni ya vitanda vya watu wa kila aina nikiwaambia wasikate tamaa, Mungu hajashindwa, na walipokufa niliwarudia ndugu zao na maneno yaleyale. Niseme ukweli, nilijisikia. Kitenge changu cha jumuiya kilikuwa hakikosi pasi.

Kisha akaugua baba yangu. Aliishi kijijini, upande wa Matai, akilima mahindi na ulezi, peke yake tangu mama afariki. Hakuwa mtu wa maneno. Ugali ulianza kumkwama kooni wakati wa palizi, naye akanyamaza mpaka mavuno. Alipofika kwangu ulikuwa mwezi wa sita, baridi ya Ufipa imekolea, na koti lake lilikuwa limebaki kumning'inia mabegani. Uji mwepesi ndio ulikuwa unapita, tena kwa kubembelezwa. Hospitalini walipima wakasema ni saratani ya koo na imeshakwenda mbali. Daktari, kijana ambaye ningeweza kumzaa, alinivuta pembeni.

"Mama, mrudisheni nyumbani, mkae naye," akasema.

Nilimsikia vizuri sana. Niliamua tu kutokumwelewa.

Siku ya tatu tangu tutoke hospitalini nilimkalisha baba uani, kwenye jua la asubuhi, nikamfunika blanketi. Akanishika mkono.

"Mama, niitie padre."

Baba aliniita mama tangu nikiwa mdogo, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake.

"Wa nini, baba?"

"Nina jambo la kusema naye."

"Si uniambie mimi?"

"Si la kwako."

Nikacheka, nikamwambia padre atamwona kanisani akishapata nguvu, tutakwenda wote na bajaji. Hakucheka. Aliuachia mkono wangu akaendelea kuota jua.

Hapa lazima nieleze, maana asiye wa kwetu ataniona mwendawazimu. Kanisani tunafundishwa kwamba mpako wa wagonjwa ni wa kumtia mtu nguvu, na apewe mapema, akili zake zikiwa timamu. Nimelifundisha hilo mimi mwenyewe, kwa mdomo huu. Lakini mtaani mambo ni mengine. Padre akionekana anaingia kwa mgonjwa na kichupa cha mafuta, majirani wanaanza kuulizana turubai liko kwa nani. Wanawake wanakumbuka masufuria makubwa. Mgonjwa anakuwa marehemu kabla hajafa, na aliyemwita padre ndiye anayeonekana amemkatia tamaa. Mimi, mwenyekiti, mtia moyo wa Izia nzima, nionekane nimemkatia tamaa baba yangu mzazi?

Jumamosi jumuiya ilipokutana kwangu nilisimama nikapendekeza novena. Siku tisa, kila asubuhi kabla watu hawajaenda makazini na mashambani, tusali sebuleni kwangu kuomba uponyaji. Ya tisa ikitimia, tumwite padre atusomee misa ya shukrani hapohapo nyumbani. Wote wakaafiki, isipokuwa bibi mmoja anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, ambaye kwa kawaida huja, husali, huondoka.

"Mwenyekiti, mgonjwa mwenyewe ameomba padre?" akauliza.

"Ameomba, bibi. Ni woga tu wa ugonjwa."

"Basi mwitie."

"Tukimwita sasa, bibi, tutakuwa tunamwambia Mungu kwamba tumeshakubali. Padre aje baada ya novena."

Watu wakasema amina, wengine kwa sauti. Bibi akainama kutafuta kandambili zake. Kesho yake alikuja kama wengine, akapiga magoti kama wengine.

Asubuhi ya nne ya novena sauti ya baba ilikuwa imekwisha, imebaki pumzi. Aliniita akanisemesha Kifipa, kama alivyofanya kila alipokuwa na jambo zito. Aliuliza kama padre amesafiri. Nikamwambia ndiyo, yuko vigangoni, wiki ijayo atarudi. Akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa. Padre hakuwa kwenye kigango chochote cha vijijini. Alikuwa parokiani, dakika kumi kwa bodaboda, na siku hiyohiyo nilikutana naye nikitoka sokoni.

"Tumsifu Yesu Kristo, padre."

"Milele na milele, amina. Mzee anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, padre. Tunamshukuru Mungu."

Nimezitazama siku zile kila upande nikitafuta mahali ambapo sikuwa na la kufanya. Sijapaona. Simu nilikuwa nayo mfukoni mwa sketi.

Asubuhi ya saba nilimwaga beseni lake. Lilikuwa na mate na damu. Hata maji yalikuwa yamekataa kupita kooni tangu jana yake. Nilipomrudishia beseni akaniashiria nisogee, nami nikajiandaa kwa hotuba, nikijua ataomba tena. Akanitazama kwa muda mrefu, usoni, kwenye mikono, akarudi usoni.

"Nimepata nafuu," akasema.

Nililidaka neno lile nikatoka nalo mbio mpaka sebuleni. Nikawaambia wanajumuiya kwamba baba mwenyewe, kwa kinywa chake, amesema amepata nafuu. Wanawake walipiga vigelegele. Aliyekuwa anaongoza nyimbo akaanzisha wimbo wa shukrani na tukauimba mpaka mwisho, na mimi niliimba kuliko wote. Mikono yangu ilikuwa bado inanuka damu ya beseni.

Ya nane tulikuwa kwenye fumbo la nne la rozari nilipokwenda chumbani kumgeuza, maana mgongo ulikuwa umeanza kuchubuka. Nilimkuta amekwisha kwenda. Macho yake yalikuwa yameelekea mlangoni. Sebuleni waliendelea na Salamu Maria, mmoja anaanza wengine wanamalizia, na mimi nilikaa kitandani nikawaacha wamalize fumbo.

Padre alifika haraka sana, na hilo nalo liliniuma. Mafuta hakuyatoa, maana ni ya walio hai. Alisali sala za marehemu, akambariki, kisha akaniuliza taratibu, bila kunigombeza.

"Mzee aliniulizia?"

"Hali yake ilibadilika ghafla, padre," nikasema.

Tulimzika kijijini kwake, kando ya mama. Katibu wa jumuiya alisimama kaburini akasema mzee wetu amekufa akiwa na matumaini, hata siku moja kabla alishuhudia kwamba amepata nafuu, na yote hayo ni kazi ya binti yake aliyemtia moyo mpaka dakika ya mwisho. Watu wakasema amina. Nilitaka ardhi inimeze pamoja naye.

Nilichelewa kuelewa kwa nini baba alisema vile. Sasa naelewa, na ningeshukuru nisingeelewa. Alikuwa ameshaona kwamba padre haji. Akaona pia hali yangu, jinsi nilivyokuwa nikihangaika mlango hadi mlango na rozari mkononi, akanihurumia. Katika nyumba ile mgonjwa aliyekuwa akitiwa moyo nilikuwa mimi. Alitumia sauti aliyobakiwa nayo kunidanganya ili nilale.

Nilikwenda kitubio. Nilisema yote, uongo wa vigangoni, wa njiani, wa kando ya maiti. Padre aliniambia kwamba huruma ya Mungu haikufungiwa kwenye kichupa cha mafuta, na kwamba baba aliyetamani kuungama ameshapokelewa kwa ile hamu yake. Nadhani ni kweli. Hata mimi ningemjibu mtu hivyohivyo, tena kwa sauti nzuri zaidi. Niliyasikia maneno yale kama mtu anayesikia tangazo la basi la safari isiyo yake. Uenyekiti niliuacha. Wenzangu wanasema ni majonzi, yatapita. Wamekuwa wema kwangu, wanakuja kunitia moyo, na mimi nawapikia chai, nawasikiliza, nawajibu amina wakamilishe waende.

Kinachonimaliza ni lile jambo lake. Si la kwako, alisema, na kweli silijui. Nikianza kusali tu, nimeshaanza kukisia. Labda aliwahi kuhamisha mpaka wa shamba la mtu. Labda alimpiga mama wakati sisi hatujazaliwa. Labda mdogo wake aliyehamia ziwani Kasanga asirudi tena hakuondoka kwa hiari kama tulivyoambiwa. Baba alikuwa mtu mpole, na huenda lilikuwa jambo dogo la ujana ambalo padre angelimaliza kwa sala tatu. Lakini kwa kuwa sikulisikia, nimemtwisha dhambi za wanaume kumi, na kila wiki namwongezea nyingine.

Juzi sokoni nilisimama mbele ya mwanamke wa rika langu anayeuza maharage. Alikuwa na paji la uso pana kama la baba, na namna ileile ya kusikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja. Nilimuuliza kwao ni wapi. Akasema ni upande wa Matai. Nikamtajia jina la baba, nikauliza kama aliwahi kulisikia kwao, labda kwa mama yake. Akafikiri, akasema hapana, dada, huyo simjui. Alinijibu vizuri, bila kukwepa macho. Sikumwamini.