Mume Wangu Alipookoka, Maji Yakakatika

Watu husema wokovu ni furaha. Labda kwa aliyeokoka. Mimi nilikuwa mke wa aliyeokoka, na mwaka ule nilikiona cha moto.

Mume wangu alikuwa mtu wa mbege na fimbo. Huku kwetu Masama, enzi hizo za Mwingereza, hakuna kilabu alichokipita bila kuingia, na ni majirani wachache ambao hakuwahi kuwakunjia ngumi. Kisha wakaja wahubiri wa uamsho. Alikwenda kuwacheka, akarudi analia, akanishika mikono na kuniomba radhi kwa kila kofi. Nikamwambia alale, pombe itamtoka. Asubuhi aliamka mapema akanipasulia kuni. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu.

Wahubiri walikuwa wamewafundisha waliookoka kuzitoa dhambi zao hadharani. Jumapili, mbele ya usharika mzima, mume wangu akasimama akasema kwamba kwa miaka mingi alikuwa akiziba mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia, kwa matope na magogo ya migomba, ili maji ya zamu ya jirani yaje kwenye kihamba chetu, shamba letu la migomba. Jirani mwenyewe alikuwa ameketi benchi la mbele yetu. Alivyogeuka kututazama, nilitamani ardhi inimeze.

Wazee wa mfongo hawakupoteza muda. Zamu yetu ya maji akapewa jirani mpaka roho yake iridhike, na kiangazi ndiyo kwanza kimeanza. Migomba ikakunja majani, ng'ombe akapunguza maziwa. Mimi nikawa nabeba maji kichwani kutoka mtoni, na njia nzima nilikuwa nikiwasema wale wahubiri.

Kwetu mtu akikosa, humwendea aliyemkosea na jani la isale mkononi. Anayeletewa jani hilo hawezi kukataa kusamehe. Hata kama moyo unawaka, atalipokea. Basi nikamchumia mume wangu jani zuri, refu, lisilo na doa. Akalikataa. Eti hayo ni mambo ya kale, damu ya Yesu inatosha. Jamani! Akaenda mikono mitupu, akamwambia jirani huku anatabasamu kwamba Yesu ameshamsamehe.

"Lazima akusamehe upesi," jirani akamjibu. "Maji hayakuwa yake."

Nilikuwa nimemfuata, nimesimama nyuma yake, na kwa kweli hata mimi ningejibu vivyo hivyo. Jirani akachota mavi ya ng'ombe kwa jembe, akayarusha kwenye shati la Jumapili la mume wangu. Nikaanza kutafuta pa kukimbilia, maana namjua mtu wangu. Yeye akajifuta, akaaga kwa adabu, tukarudi nyumbani.

Tangu siku hiyo kila asubuhi alikwenda kuzibua mfereji wa jirani, huku akiimba mapambio kwa sauti ambayo hata wokovu ulikuwa umeshindwa kuitengeneza. Mbwa walibweka. Mimi nilinuna. Migomba yetu ilizidi kukauka.

Asubuhi moja nikiwa nafagia uani, jirani akaingia. Mkononi ana jani la isale. Akasimama mbele ya mume wangu, macho chini, akasema kwamba miaka yote hiyo naye alikuwa akituibia maji yetu, na kwamba zile nyimbo za asubuhi zilikuwa hazimwachi ale akashiba.

Damu ikanipanda. Nikakumbuka kila ndoo niliyobeba. Kabla sijafungua mdomo, mume wangu akasema taratibu kwamba anajua, aliwahi kumwona. Nikamgeukia yeye. Ulijua, na kule kanisani ukanyamaza?

"Kule nilikwenda kutubu dhambi zangu," akasema. "Zake nilimwachia mwenyewe."

Akanyoosha mikono yote miwili akalipokea jani la isale, yeye aliyeliita la kale. Jirani akaanza kulia. Nami nikabaki na ufagio wangu mkononi. Miezi yote ile nilikuwa namsubiri yule mwanamume wa fimbo arudi. Sasa nikajua kwamba hayupo tena. Nikaingia jikoni, nikapiga magoti penye mafiga, nikasali kwa mara ya kwanza bila kuambiwa na mtu, nikalia na kuusingizia moshi.

Kisha nikajifuta uso, nikatoka kumuuliza jirani maji yanafunguliwa saa ngapi.