Swali la Alhamisi

Sifa zote ni za Mungu, aliyenifikisha uzee huu nikiwa na akili timamu na kinywa cha kumshukuru. Bila yeye nisingekuwa na la kusimulia.

Mwaka 1993 tuliishi Nyakabanda, mtaa mmoja wa mji mkuu wa nchi yetu. Kila Alhamisi alasiri mume wangu Eliya, fundi mwashi, alinawa saruji mikononi, akapanga mabenchi sebuleni, nami nikachemsha chai. Watu wa sala waliingia na nguo zao za kazi. Katika ushirika wetu hakuna aliyefungua Biblia kabla ya kuulizwa swali moja: "Ndugu, moyo wako ukoje leo?" Kujibu "mzuri" hakukutosha. Ulisema ulichokificha: wivu, uongo wa dukani, neno ulilomtupia mkeo. Tuliamini kwamba hekima ya Mungu haimiminwi katika chombo kichafu.

Eliya hakuwahi kuomba mali. "Bwana, nipe hekima ya leo," ndivyo alivyosali kila asubuhi. Ya kesho aliiacha kesho.

Alhamisi moja aliulizwa Faustin, fundi wa magari aliyesali nasi kwa miaka. Akasema:

"Nimejiunga na wale mgambo wanaofanya mazoezi uwanjani. Wanatufundisha kuwachukia Watutsi. Leo nimeingia humu, nikamtazama Mama Verediana, nikaona adui."

Verediana alikuwa mjane aliyeuza maziwa, naye alikuwa Mtutsi. Mimi na Eliya ni Wahutu, kama Faustin. Verediana aliweka kikombe chini.

"Kumbe! Mimi nilidhani umeninunia kwa sababu ya yale maziwa yaliyoganda."

Tulicheka, hata Faustin. Kisha Verediana naye akatoa lake: "Nakuogopa, mwanangu, na hofu yangu imeanza kugeuka chuki. Niombee."

Wakapiga magoti bega kwa bega. Nimesali katika makanisa makubwa. Sala kama ile sijaiona tena.

Lakini Faustin hakuacha mazoezi. Aliacha Alhamisi.

Aprili 1994 mauaji yalipoanza, Verediana alipenya ua wetu wa miti akaingia jikoni bila viatu. Eliya alimficha stoo, nyuma ya mbao zake za ujenzi.

Walikuja mchana, kundi zima, wameshika mapanga. Faustin alikuwa kati yao.

"Wewe mzee, iko nani humu ndani?" kiongozi wao aliuliza.

Eliya alimtazama Faustin.

"Ndugu, moyo wako ukoje leo?"

"Mzee anatuhubiria!" mmoja alicheka, akampiga begani kwa ubapa wa panga.

Faustin aliinamisha kichwa.

"Si safi, mzee."

Kisha akawageukia wenzake. "Nyumba hii naijua. Hawa kazi yao kusali tu. Twendeni."

Wakachukua redio, wakaenda.

Wiki haikuisha. Mabomba yalikuwa makavu, Eliya akaenda kuteka maji chemchemi. Wakati wa kurudi wauaji walimsimamisha kwenye bariyeri, kizuizi walichoweka barabarani. Nyuma yake alikuwepo Saidi, jirani yetu Mwislamu, fundi cherehani, ndiye aliyenieleza.

"Mko wazee wawili tu. Maji yote haya ya nani?"

Eliya alinyamaza.

"Unaficha nani?"

Alinyamaza.

Wakamuua pale pale, na maji yakamwagika barabarani.

Saidi alikata njia za uani akatufikia kabla yao. Alituingiza kwake, mimi na Verediana, akatulisha mpaka vita vilipoondoka mjini. Siku zote hizo hakutuuliza tunasali vipi.

Mtu aliyefundisha mtaa mzima kutoa kilichofichwa moyoni alikufa akificha. Nimelitafakari hili miaka mingi, na sioni kwamba alijipinga. Uongo hakusema, na mtu hakumtoa. Kati ya hayo mawili palikuwa na njia nyembamba, naye aliiona kwa sababu macho ya moyo wake yalikuwa yameoshwa kila siku.

Faustin, kwenye milango mingine, hakuwarudisha wenzake; aliua pamoja nao. Miaka baadaye aliyasema mwenyewe mbele ya gacaca, baraza la wananchi lililohukumu mauaji yale, watu wa mtaa wakimsikiliza, akafungwa. Nilikuwepo. Sikufurahi, wala sikumtetea.

Verediana bado yu hai. Mara nyingi huniambia, "Dada, ningetoka nje siku ile, mzee angekuwa nawe."

Namjibu, "Nyamaza wewe, usiniharibie fahari yangu."

Hasara ni hasara, sitaipaka chokaa. Nimezeeka bila kikohozi chake cha asubuhi, na upande wake wa kitanda haujapata joto tena. Lakini nikiulizwa mimi ni mke wa nani, hujibu nimeinua kichwa.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akusafishe moyo, akuzungushie majirani wema, na wote walio chini ya paa lako awape kulala na kuamka kwa amani.