Nukta Katika Jina la Asina

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo hata leo nikiikumbuka moyo hunienda mbio. Ilikuwa enzi za Zaire. Nilikuwa mpiga mashine ya chapa kwenye stesheni ya treni ya Kindu, msichana mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi.

Treni ilikuwa imefika, abiria wanashuka, ndipo simu ya upepo ikaingia kutoka njiani: muuguzi mmoja amempa abiria chupa ya dawa isiyo yake, akinywa ataangamia. Jina lilitajwa herufi kwa herufi: ilisikika A, herufi moja ikamezwa na kelele, kisha INA. Mpokea simu akaandika A.INA.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Sikungoja! Nikapaaza sauti, "Mama Amina! Mama Amina!" Akaja mama mnene na kuku wawili, hana homa wala dawa.

Mkuu wangu, Mzee Ramazani, hakuwa mtu wa makelele, lakini siku hiyo alifoka.

"Nani alikuambia ni M? Pale iko nukta, mutoto! Nukta njo herufi yoyote, lakini moja tu. Kamata orodha ya abiria. Tafuta umbo la jina, usitafute jina unalolizoea."

Nikapitisha kidole. Zaina: haanzi na A, pita. Aminata: ana mkia baada ya INA, pita. Arafina: herufi zimezidi katikati, pita. Amina nimeshamwona. Kidole kikasimama: Asina, wa Alunguli.

Alunguli ni ng'ambo ya mto! Nilivua viatu, mwanangu, nikakimbia hadi majini. Mtumbwi wa kuwavusha abiria ulikuwa umeshasukumwa.

"Asina! Usinywe!"

Mwanamke akageuka, chupa mkononi, kizibo kimeshatoka. Akaitupa mtoni kama kaa la moto. Mtumbwi mzima ukalipuka kwa vigelegele, nami nikaketi matopeni nikicheka na kulia kwa pamoja.

Leo ninyi mnaiagiza kompyuta itafute maneno kwa nukta kama ile. Vizuri! Lakini usiijaze nukta kwa lile unalolidhani. Taja unachokijua, acha wazi usichokijua, weka mwanzo na mwisho, kisha kagua kila kilichonaswa. Kuuliza si ujinga. Kujifanya unajua ndiko kunakoponza.

Mungu akufungue macho, mwanangu, na kila unachokitafuta kwa haki akukutanishe nacho kingali kizima.