Chokaa Shingoni mwa Mpaka Rangi

Wananiita Mama Usipumue. Miaka ishirini na sita nimesimama nyuma ya kioo cha chumba cha eksirei nikiwaambia watu, "Vuta pumzi. Usipumue. Haya, pumua." Zamani hospitali yetu haikuwa na daktari wa kusoma picha. Madaktari walikuja na filamu mkononi, wakaiweka kwenye taa, wakaniuliza mimi, "Mama, unaonaje?" Kuulizwa huko kulininogea kuliko chai.

Kisha akaja yeye, daktari wa picha hasa, umri wa binti yangu wa mwisho. Akaletewa mashine ya skani na kiti cha kuzunguka. Tangu wiki ile watu wakawa wanapita mlangoni kwangu bila hata kugeuza uso. Nisifiche, roho iliniuma. Alipocheka, iliniuma. Aliponiamkia kwa heshima kila asubuhi iliniuma zaidi, maana sikupata pa kumchukia.

Jumatatu moja akaletwa fundi mmoja, mpaka rangi, aliyeanguka kutoka kwenye ngazi akipaka dari ya shule. Nilimtambua kabla hajavuliwa viatu. Daktari aliitazama skani, akaonyesha kipande cheupe nyuma ya shingo.

"Mfupa umevunjika hapa," akasema.

Mgonjwa, akiwa chali na kola ngumu ya kushikilia shingo, akaitikia, "Hapo hapo, daktari. Hata miaka tisa iliyopita nilivunjika hapo hapo."

Basi, mambo yakaisha. Mfupa uliovunjika mara mbili hauachwi hivi hivi, wakasema madaktari. Kesho asubuhi apasuliwe, shingo ifungwe vyuma. Mpaka rangi wa dari asiyeweza tena kuinua uso! Mkewe alikaa kwenye benchi la korido, amekumbatia kofia ya mumewe yenye madoa ya rangi.

Nilichungulia skrini. Mfupa uliovunjika leo huwa na kingo zenye meno. Kipande hiki kilikuwa laini pande zote, kama kokoto ya mtoni. Nilikijua. Hakikuwa mfupa bali chokaa iliyoganda kwenye kano ya nyuma ya shingo, kitu kisicho na madhara yoyote. Nilikijua kwa sababu miaka tisa iliyopita ni mimi niliyeulizwa, na ni mimi niliyejibu, "Imevunjika." Akavaa kola miezi mitatu kwa neno langu. Mwishowe daktari bingwa mmoja mgeni aliitazama filamu, akaniambia tukiwa wawili tu kwamba hapakuvunjika kitu. Nami nikaenda kwa mgonjwa nikamwambia, "Hongera, umepona."

Na sasa, Mungu anisamehe, nilifurahi. Acha akosee, nikajisemea. Wakipasua wakute chokaa, tuone kama kile kiti kitazunguka tena. Nikaenda kunywa chai, ikashuka vizuri kabisa.

Nikirudi, mke wa mpaka rangi akanishika mkono. "Mama Usipumue! Ndiye wewe uliyetuponyea mtu wetu mara ile. Tuombee na leo."

Ile chai niliyoinywa nikaijutia.

"Ile filamu ya zamani mnayo?" nikamuuliza.

"Ipo. Tumezibia dirisha la jikoni, kioo kilipasuka."

"Kaibandue. Nenda sasa hivi."

Alirudi alasiri. Filamu ilinuka moshi na ilikuwa na gundi pembeni. Nikaingia kwa daktari, nikaiweka kwenye taa. Kipande kile kile, mahali pale pale, ukubwa ule ule. Akazipitia tena picha za skani moja baada ya nyingine, polepole, hadi ya mwisho.

"Umejuaje, mama?"

"Nina macho," nikamjibu.

Akainuka akaenda wodini, filamu mkononi, nami nyuma yake, akasema mbele ya daktari wa upasuaji, mgonjwa na mkewe, "Nimekosea. Shingo haikuvunjika. Mama huyu ndiye aliyeona. Mnisamehe." Hakuna aliyemcheka. Daktari wa upasuaji alimpa mkono. Nimemwonea wivu kwa mengi yule binti, lakini hapo wivu ulizidi. Neno lililonishinda miaka tisa, yeye kalitoa kwa pumzi moja.

Mpaka rangi akavuliwa kola. Akageuza shingo kulia, kushoto, akatazama dari na kucheka. Kisha akauliza, "Sasa mara ile nilivunjika wapi?"

Daktari akaitazama filamu, akanitazama mimi. Angeweza kumwaga mtama. Aliniachia nafasi, na hata hilo nikamwonea wivu.

"Hukuvunjika," nikasema. "Nilikosea mimi. Halafu nikakudanganya kwamba umepona."

Mimi hakuna aliyenipa mkono. Mkewe alikuwa akiikunjua ile kofia ya rangi, akaacha.

"Miezi mitatu," akasema. "Nilimlisha kwa kijiko."