Fundi Njoo Kesho Ajizoeza Kupanda Mlima

"Mama, samahani nikuulize," jirani yangu wa ghorofa ya pili aliniambia siku moja, ameshika ndoo ya nguo za kuanika. "Huyo shemeji yako anafukuzwa na nani?"

Nikamwambia hafukuzwi na mtu.

"Sasa mbona hii ni mara ya sita anapita mlangoni kwangu? Anapanda, anashuka, anapanda. Mgongoni kabeba mzigo kama anahama, na watoto wake nyuma wamevaa makoti ya blanketi, jua lote hili! Mmoja kaniamkia huku jasho linamdondoka kidevuni."

"Wanajizoeza kupanda mlima," nikasema.

Jirani akatazama ngazi za juu, akatazama za chini. "Mlima wa ghorofa nne?"

"Ndio uliopo kwa sasa."

Huyo shemeji yangu ni mume wa mdogo wangu. Ni fundi cherehani, na hashoni kitu kingine ila sare za shule. Duka lake liko chini ya jengo letu: chumba kimoja chenye dirisha pana, meza ya kukatia, cherehani mbili, pasi, na kiti changu karibu na mlango. Mimi kazi yangu ni kushona vifungo na kupinda sketi chini. Nimekaa kwenye kiti hicho miaka kumi na mmoja, kwa hiyo haya nimeyaona kwa macho yangu, sikuhadithiwa.

Watu humwita Njoo Kesho, na kwa kweli ndilo neno linalotoka kinywani mwake zaidi kuliko salamu. Si mwongo. Tatizo lake hawezi kumkatalia mtu. Mzazi akija na kitambaa atakipokea, hata kama meza haionekani kwa vitambaa vya watu. Ukimwuliza shati litakuwa tayari lini atakujibu kesho kwa moyo mweupe, na anaamini kabisa. Kesho ikifika naye anashangaa.

Sasa sare zina msimu wake, na msimu wenyewe ni likizo. Shule zikifungwa ndipo wazazi wanagundua kwamba suruali zimekuwa kaptula. Kwa hiyo tangu Mungu amjalie watoto, Njoo Kesho hajawahi kupata likizo hata moja pamoja nao. Anao watatu, binti mkubwa wa miaka kumi na mitatu, na mapacha wa kike wa miaka minane ambao siri kwao haikai hata uishone kwa uzi wa gunia. Likizo nzima wao wako uani, yeye yuko ndani ameinama, na mama yao yuko kazini kwake hospitalini, kwenye chumba cha kufulia mashuka.

Mambo yalianza siku mwalimu wa binti mkubwa alipokuja kubadilishiwa zipu ya sketi.

"Fundi," akasema, "enhe, mlimani kulikuwaje?"

Njoo Kesho alikuwa na pini nne mdomoni. "Mm?"

"Mlimani! Likizo ile ya katikati ya mwaka. Binti yako kaandika insha nzuri, nikaisomea darasa zima. Pale ulipokuwa unaimba ukateleza ukaingia majini, tulicheka mpaka mwalimu mkuu akaja kuchungulia. Nimempa ishirini kwa ishirini."

Nikamwona shemeji anazitoa pini moja moja na kuzichomeka kwenye mkono wa shati lake. Likizo hiyo alishona mashati mia mbili na kumi, vifungo vyake nilivishona mimi. Mungu anisamehe, nilitega sikio nijue atasema nini.

Akasema, "Maji yalikuwa ya baridi."

Mwalimu alipoondoka, binti aliitwa na daftari lake. Mdogo wangu aliisoma ile insha kwa sauti, amesimama, na kila ukurasa sauti ilipanda. Ndani yake kulikuwa na mlima, ule ambao asubuhi isiyo na mawingu huonekana kutoka juu ya paa letu. Kulikuwa na nyumba ya wageni yenye madirisha ya kijani, maporomoko ya maji, na sungura mwenye sikio moja jeupe. Baba alikaanga viazi. Baba aliimba. Baba aliwabeba mapacha mgongoni kwa zamu.

"Kurasa tatu za uongo!" mdogo wangu akasema. "Tena kwa mwandiko mzuri hivi! Wewe mtoto, nani kakufundisha?"

Binti alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. "Kila likizo mwalimu anataka insha ya likizo, mama. Miaka yote nimeandika baba alishona. Mwalimu akaniandikia kwa kalamu nyekundu, 'Jaribu kubadilisha.'" Akavikunja vile vidole. "Nikabadilisha."

Mama yake alikuwa ameshaanza kutafuta adhabu ya kutosha kurasa tatu. Lakini Njoo Kesho alichukua daftari, akalipeleka dirishani, akalisoma mwenyewe taratibu huku kidole kikifuata mistari. Zilikuwa zimebaki wiki tatu mitihani ya mwisho iishe na shule zifungwe. Baada ya likizo hiyo inayokuja, binti alikuwa anakwenda shule ya bweni, mbali, na mtoto akishazoea bweni anarudi nyumbani kama mgeni. Sote tulilijua hilo. Sidhani kama baba yake alikuwa amelipigia hesabu mpaka siku ile.

"Usimwadhibu," akamwambia mkewe. "Nguo imeshakatwa, iliyobaki ni kuishona. Shule zikifungwa, tunakwenda. Siku saba."

"Nani anakwenda?" mdogo wangu akauliza.

"Sisi."

"Wewe? Msimu wa sare?"

"Mimi."

Mdogo wangu akanitazama kama ninayeweza kumweleza mume wake ana homa au hana.

Mimi nilimvuta binti pembeni, nikamwambia uongo ni uongo hata ukipewa alama, amwombe Mungu msamaha. Akanijibu kwa adabu, "Nimeshaomba, mama mkubwa. Halafu nikaomba iwe kweli." Nikampa vifungo anipangie.

Basi, Njoo Kesho akaanza kupanga safari kwa njia moja tu anayoijua. Mtu akimletea shati la zamani na kumwambia nishonee kama hili, habadilishi hata mfuko. Akaibandika ile insha ukutani kando ya saa, akaifuata mstari kwa mstari. Akapata namba ya mtunza nyumba ya wageni kule mlimani, akapiga simu mimi nikiwa pale pale.

"Madirisha yenu ni ya rangi gani?"

Nilisikia sauti ya mzee, kavu kidogo. "Kahawia."

"Hamwezi kuyapaka kijani?"

"Bwana, unataka vyumba au unataka kununua nyumba?"

"Vyumba. Maporomoko ya maji yapo?"

"Yapo."

"Upana wake?"

Nadhani katika maisha yake hakuna aliyewahi kumwuliza upana. "Ya kutosha," akasema.

"Na sungura? Mnaye mwenye sikio moja jeupe?"

"Wa kula au wa kufuga?"

"Wa kuonekana tu. Mara moja."

Mzee akasema atajitahidi. Mpaka leo sijui alimaanisha nini.

Viazi alijifunza kukaanga kwa siku nne, na kwa siku nne sisi tulikula makaa. Kuimba kulikuwa kugumu zaidi. Njoo Kesho hana wimbo. Alijaribu kuimba akiwa anakanyaga cherehani, na kila alipofika kwenye kona ya kola wimbo ulisimama, ukangoja ageuze kitambaa, ukaendelea. Mteja mmoja aliuliza kama redio imeharibika.

Halafu makoti. Aliyashona kwa mablanketi mawili mazito, lakini mkono wake umezoea sare, na sare kila mzazi huagiza ziachwe kubwa ili mtoto azikulie. Basi akayaacha makubwa. Mikono ya makoti ilifika magotini. Siku ya kwanza ya mazoezi pale ngazini, mapacha waliyakanyaga makoti yao wakateremka ghorofa nzima kwa makalio, wakafika chini wanacheka na kuomba warudie.

"Baba yao," mdogo wangu akasema, "hii safari ni ya wiki moja. Watakua kiasi gani?"

"Hewa ya mlimani inakuza," akajibu.

Hao mapacha ndio waliovujisha siri. Njoo Kesho alipanga wazazi wasijue mpaka ameshaondoka, lakini wenyewe walitangaza shuleni kwamba baba anakwenda kukaa mlimani. Kwamba ni kwa wiki moja tu hawakusema. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa umesikia kwamba fundi anahamia mlimani moja kwa moja. Asubuhi yake nilikuta foleni imezunguka jengo. Kina mama na watoto, watoto na vitambaa, wengine wamewaleta hata wasioanza shule.

"Fundi, unatuachaje?"

"Narudi baada ya siku saba, mama."

"Ndivyo unavyosema na mashati!"

Watu walicheka mpaka naye akacheka. Lakini hakumrudisha hata mmoja. Aliwapima wote, akapokea vyote, na nilipohesabu vile vitambaa nilijua safari imeingia matatani. Binti mkubwa naye alikuwa amesimama mlangoni, anahesabu kimya kimya kama mimi.

Nitasema ukweli, alijitahidi. Wiki tatu zile hakusema njoo kesho hata mara moja. Alisema ngoja, na watu wakangoja, nguo zikatoka zikiwa na joto la pasi. Vidole vyangu viliota sugu mpya. Hata hivyo, Ijumaa, siku moja kabla ya safari, mashati thelathini na nane yalikuwa bado. Mchana akanyanyuka ghafla, akasema kazi imekwisha, twendeni zoezi la mwisho. Nikatazama mezani, na kweli hapakuwa na shati hata moja. Nikamshukuru Mungu nikidhani kayapa mbawa.

Zoezi hilo tulipanda wote, hata mimi na magoti yangu. Njoo Kesho alibeba ule mzigo mkubwa, na kufika ghorofa ya tatu alikuwa anapumua kama pasi ya mvuke. Binti akamwambia, "Baba, lete nikusaidie."

"Hapana, hapana. Mwepesi."

"Basi nishike kidogo tu." Akaushika, na mzigo ukamshinda, ukatua kwenye ngazi kwa mlio wa chuma. Blanketi halilii hivyo. Binti akapiga magoti, akafungua kamba. Juu blanketi. Chini ya blanketi mashati thelathini na nane, yamekatwa, hayajaunganishwa. Chini ya mashati, cherehani ya mkono imefungwa vizuri kwa taulo la watoto.

Jirani wa ghorofa ya pili alikuwa amepanda nyuma yetu na ndoo yake. Akaitua chini, akachungulia.

Binti hakulia. Akasema taratibu, "Baba, kwenye insha hakukuwa na cherehani."

"Hii ni ya mkono tu," akasema. "Haina kelele. Ningeshona mkiwa mmelala."

"Baba."

Njoo Kesho akakaa ngazini. Akaitazama mikono yake pande zote mbili kama nguo anayokagua. "Sijui nikuambieje," akasema. "Siku saba. Hii mikono itafanya nini?"

"Mapacha wana mikono minne," binti akamjibu, "na wanateleza. Anza na hiyo."

Mapacha wakaipandisha mikono yote minne, ingawa ndani ya makoti yale haikuonekana.

Akacheka, akajifuta uso kwa mkono wa shati akajichoma pini, akanyanyuka. Aliibeba cherehani mwenyewe mpaka chini. Kisha akayachukua yale mashati na kufanya jambo ambalo sikutegemea kuliona nikiwa hai: akavuka barabara. Ng'ambo kuna fundi mwingine, na kwa miaka tisa Njoo Kesho amekuwa akisema kwamba yule bwana anashona kola kama masikio ya punda. Nilimfuata niwe shahidi.

Fundi wa ng'ambo aliyapokea, akayageuzageuza. Alikuwa anayasikia yote yanayosemwa juu yake, na ya safari pia. "Kola nizishone kama zako," akauliza, "au kama zangu?"

Shemeji alivuta pumzi. "Kama zangu, ndugu yangu. Tafadhali."

"Mpe salamu sungura," yule akasema, na akaanza kazi.

Jumamosi asubuhi waliondoka, watano, na makoti begani. Nilikuwa nimesimama mbele ya duka nawaombea njia njema. Walifika kwenye kona, Njoo Kesho akarudi mbio kuangalia kama pasi imezimwa. Ilikuwa imezimwa. Wakafika kwenye kona tena, akarudi kuangalia kama dirisha limefungwa. Lilikuwa limefungwa, lakini alilishika muda mrefu kuliko inavyohitaji dirisha, akichungulia ile meza iliyo tupu. Kwenye kona binti alikuwa ameshika mapacha, mmoja huku na mmoja huku. Hakumwita baba yake. Alikuwa anangoja tu, amezoea.

Shemeji akamwona. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa duka, akauweka kiganjani mwangu na kuvifunga vidole vyangu juu yake.

"Shemeji," akasema, "nikirudi kabla ya Jumamosi ijayo, usinifungulie."