Tundu la Maganda

Jiko letu la kijijini Kinyala lilikuwa la mianzi, limeegemeana na banda la ng'ombe, na chini ya ukuta uliotenganisha viwili hivyo kulikuwa na tundu. Lilikuwa na viganja vitatu kwenda juu na vinne kwenda pembeni. Nililipima siku nilipoolewa, kwa sababu napima kila kitu, nikalipima tena miaka minne baadaye nikiwa na sababu. Halikuwa limebadilika.

Kupitia tundu hilo nilisukuma maganda ya ndizi kwenda kwa ng'ombe. Asubuhi, kupitia hilohilo, sufuria ya maziwa ilisukumwa kuja kwangu. Aliyeisukuma alikuwa baba mkwe wangu, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona.

Kwa Wanyakyusa wa umri wake, mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani. Hawasalimiani, hawakai chumba kimoja, na wakisikiana njiani mmoja anaingia kwenye migomba hadi mwenzake apite. Mimi ni mtoto wa Tukuyu mjini, wa nyumba ya wachuuzi Waislamu. Babu yetu alipanda huku kutoka pwani na mzigo wa kanga, akaikuta mvua, na wakubwa wetu walisema bado alikuwa anangoja ikatike alipofariki. Kwetu baba mkwe unampa shikamoo na kikombe cha chai. Mwaka wa kwanza nilidhani mzee ananichukia. Mwaka wa pili nikaona ni nafuu: mkwe asiyekuona hakuulizi kwa nini huachi gulio hata moja likupite.

Nilimjua kwa kikohozi. Kikohozi kimoja: napita, jifiche. Viwili: maziwa tayari. Hayo ndiyo yalikuwa mapatano yetu, na hakuna aliyeyavunja.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni ikarundikwa vibarazani, na mitumba iliyokuwa ikija kwa kificho ikaja kwa malori mchana kweupe. Nikaingia kwenye mitumba. Mume wangu alifuata robota Mbeya, mimi nilichambua na kuuza. Wakati huohuo wajawazito tukaanza kuambiwa tufike hospitali na vya kwetu: wembe mpya, glovu, uzi, karatasi ya nailoni. Nilivinunua. Nguo ya mtoto sikununua.

Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa mjini, kwa mpango, kila kitu kikiwa ndani ya begi, na hakulia. Sina namna nyingine ya kulisema. Nilisubiri alie, hakulia, wakamfunika. Tangu hapo kuna sehemu yangu iliyokufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya, ila mguu baadaye huchomachoma ukaamka. Hii haikuchoma. Watu walisema nina moyo mgumu, na sokoni hilo ni sifa, kwa hiyo sikuwasahihisha.

Mimba ya pili niliibeba kama ya mtu mwingine. Nesi wa kliniki alinitajia mwisho wa mwezi. Nikamwambia asogeze mbele.

"Mama," akasema, "hapa si sokoni."

Nikahesabu mwenyewe nyumbani, nikapata wiki mbili zaidi ya zake. Nikahesabu tena, nikapata vilevile. Nilifurahi kwamba hesabu mbili zimekubaliana, bila kugundua kwamba zote mbili nilizianzia mahali palepale pabaya.

Siku yenyewe kulikuwa na maziko Lupepo, na maziko kwetu huku hayamwachi mtu nyumbani. Mama mkwe alijitanda kanga mbili, akabeba mkungu wa ndizi kichwani, akanitazama tumbo.

"Wewe baki. Utatuchelewesha milimani."

"Nitabaki, mama."

"Tutarudi jioni. Mzee yupo bandani na mguu wake ule uliovimba. Ukihitaji kitu…" Sentensi ile haikuwa na mwisho. Akaondoka.

Mume wangu alikuwa Mbeya. Nikakaa kwenye kigoda jikoni, nikaanza kumenya ndizi za jioni. Kiuno kikakaza, kikaachia. Nikasema ni robota nililoinama juu yake jana kutwa. Kati ya mkazo wa kwanza na wa pili nilimenya ndizi kumi na tisa. Kati ya wa pili na wa tatu, nane. Sikuamini, nikazitoa kwenye sufuria nikazihesabu upya: nane. Baada ya hapo nilimenya ndizi moja na nusu, kisu kikabaki kwenye ganda, na maji yakamwagika hadi kwenye majivu.

Nilifika mlangoni nikiwa nimeshika ukuta. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya Kinyala, isiyo na haraka, isiyo na mpango wa kukatika. Nyumba zote zilikuwa na kufuli. Niliita jirani mara mbili, akaitika jogoo.

Sikuogopa. Hilo nalikumbuka vizuri kwa sababu nilijikagua, kama unavyokagua mfuko wa suruali ya mtumba, nikakuta hamna kitu. Nikarudi jikoni penye moto. Nikatoa begi, nikatandika karatasi ya nailoni, juu yake gunia, nikapiga magoti. Uchungu ulipokuja tena nilisikia sauti ikitoka kwangu, nzito, kama ya mtu anayesukuma gari.

Ng'ambo ya ukuta mzee akakohoa. Mara tatu. Kikohozi cha tatu hakikuwamo kwenye mapatano.

Kisha nikasikia sauti yake.

"Ng'ombe," akasema, "una nini leo?"

Ng'ombe yule alikuwa hajui Kiswahili. Miaka minne nilimsikia mzee akizungumza naye Kinyakyusa, asubuhi na jioni, na hata mimi Kinyakyusa changu kilikuwa cha kununulia ndizi tu. Mzee alikuwa anakitafuta Kiswahili kwa shida, akiweka "l" kila palipotaka "r". Nikaelewa ng'ombe ni nani.

"Ng'ombe," nikajibu, "mwambie bwana wako maji yameshamwagika."

"Ng'ombe, gusa. Kichwa kipo?"

Nikagusa. "Kipo, ng'ombe. Kimeshachungulia."

"Basi usikimbilie. Talatibu. Hema kama mbwa. Kichwa kikitoka, pumzika, pitisha kidole shingoni. Wengine wanakuja wamevaa kamba."

"Sina mtu wa kunishika."

Akafikiri. "Shika nguzo ya kati," akamwambia ng'ombe. "Nguzo ile nimeichimbia mwenyewe. Haiendi popote."

Nilishika nguzo. Haikwenda popote. Nilihema kama mbwa. Kichwa kikatoka, nikapitisha kidole, na kamba ilikuwepo, mzunguko mmoja. Nikaupitisha juu ya kichwa, nikahakikisha tena kama hakuna wa pili. Kisha mwili wote ukateleza mara moja, kama sabuni mkononi, na nikawa nimeushika. Tangu ndizi ya kwanza hadi hapo, jua kama lingekuwepo lisingekuwa limesogea sana.

Alikuwa wa kike. Alikuwa na rangi ya wino. Hakulia.

Nilikaa chini nikiwa naye mapajani. Nilijua hatua inayofuata: unakaa, unatazama, mtu anakuja na kitambaa. Nilishapita njia hiyo, sikuona sababu ya kupiga kelele kwa mara ya pili. Nilimtazama kama mzigo uliofunguliwa na kukutwa na unyevu. Ndizi kwenye sufuria zilikuwa zinaanza kuwa nyeusi, na niliwaza kwamba nilipaswa kuzitia maji.

"Ng'ombe," ikasema sauti, "mbona sisikii?"

Nilikuwa bado natazama ndizi.

"Mbona sisikii?"

"Hakulia," nikasema. Nilisahau kusema ng'ombe.

Naye akasahau. "Mlete," akasema. "Mlete hapa tunduni."

"Bado sijakata."

"Funga."

"Na kamba ilikuwa shingoni, na rangi yake…"

"Usinibishie, mama. Funga pawili, kata katikati. Halaka."

Hakuna mtu aliyewahi kunikatisha biashara kwa maneno machache hivyo. Nilifunga pawili, nikatoa wembe kwenye karatasi yake, nikakata katikati. Mikono yangu ilifanya kazi vizuri, kama mikono ya kuazima. Ng'ambo nikasikia maji yakimwagwa, mtu akinawa. Nilipogeuka, mikono miwili ilikuwa imetokeza kwenye tundu la maganda, viganja juu. Ilikuwa mipana, yenye mistari myeusi ya utomvu wa migomba usiotoka kwa sabuni yoyote, hata hizi za kisasa. Kidole gumba cha kushoto hakikuwa na kucha. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona.

Nikamweka mtoto juu ya viganja vile. Kwanza kichwa, kisha mabega, ambayo yalipita bila kugusa mianzi. Nyayo zikapita mwisho. Nikabaki natazama tundu.

Nilisikia majani makavu yakisuguliwa juu ya kitu. Nilisikia akifyonza na kutema, akifyonza na kutema. Ng'ombe aliacha kucheua. Mzee akaanza kusema Kinyakyusa, chini chini, bila kupumzika, maneno ambayo nilikuwa nimewahi kuyasikia akimwambia ndama.

Nilihesabu hadi kumi. Kisha nikahesabu upya, kwa kuwa hesabu ya mara moja siiamini. Kwenye saba ya pili kitu kikapiga chafya. Halafu kikalia, kilio chembamba, kama bawaba ya mlango iliyokosa mafuta.

Sikusogea. Kimoja kinaweza kuwa makosa. Nilisubiri cha pili.

Cha pili kikaja, kikubwa zaidi, chenye hasira ndani yake.

Nikangoja furaha nayo ije. Nilikaa wima kwenye gunia nikaisubiri, kwa sababu nilijua hapo ndipo mahali pake. Iliyokuja ni baridi ya miguuni, kisha kiu. Nikafikia sufuria, nikazitia ndizi maji, mengine nikanywa.

"Ng'ombe," mzee akasema, na sauti yake ilikuwa imerudi kwenye adabu zake, "kondo la nyuma usilivute. Litakuja lenyewe."

"Ng'ombe amesikia."

Lilikuja lenyewe. Baada ya hapo mtoto alirudi kwa njia aliyoendea, akiwa amevingirishwa kwenye koti. Nililijua koti lile. Nililichagua mimi kwenye robota mwaka uliotangulia, nikampa mume wangu ampelekee baba yake, na sikuwahi kujua kama analivaa, kwa kuwa wa kumwona amelivaa sikuwa mimi. Kifungo cha tatu nilikishona mwenyewe kwa uzi usiolingana. Kilikuwa bado kipo. Koti lilikuwa limeisha viwikoni na lilinuka maziwa.

Mama mkwe alirudi jioni akiwa na matope hadi magotini. Alisimama mlangoni akamwona mtoto, akaniona mimi, akaona koti. Aliweka chini kikapu.

"Nani amekata?"

"Mimi."

"Nani amemfuta?"

Ng'ambo ya ukuta pakasikika kikohozi kimoja.

Mama mkwe aliinama akatazama tundu, akainuka. "Alikuona?"

"Hapana."

"Wewe ulimwona?"

"Mikono."

"Mmoja?"

"Miwili."

"Hadi wapi?"

Nilipiga hesabu. "Viwikoni. Karibu na viwiko."

Akakaa kwenye kigoda changu akawaza. Alikuwa mwanamke ambaye hata mimi sikupenda kuuziana naye kitu.

"Hadi viwikoni si mtu," akasema hatimaye. "Ingekuwa bega, ingekuwa kesi. Angepita mlangoni, tungechinja kusafisha kosa." Kisha akapaza sauti kuelekea ukutani: "Umesikia wewe? Umenusurika kwa kiganja kimoja!"

Hakuna aliyejibu isipokuwa ng'ombe.

Alimchukua mtoto akamgeuza huku na huku. "Mbona hufurahi?" akaniuliza.

"Nimechoka, mama."

"Umechoka," akasema, akanitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akaenda kuchemsha maji.

Mume wangu, aliyesilimu ili anioe, alifika baada ya siku mbili. Alimshika mtoto akaelekea kibla, akamwadhinia sikio la kulia, kwa kuwa kwetu hayo ndiyo yanayotakiwa kuwa maneno ya kwanza mtoto kuyasikia. Sikumwambia kwamba amechelewa, kwamba lilishatangulia jambo jingine sikioni mle, kwa Kinyakyusa, lenye harufu ya majani. Maana yake sikuijua. Sikuuliza.

Asubuhi iliyofuata baada ya kuzaa, vikohozi viwili, maziwa yakaja. Nikasukuma maganda. Nikasema, "Ng'ombe, asante." Nikasikia meno yakitafuna, basi. Mzee hakusema tena Kiswahili bandani, na koti nililifua nikalirudisha kwa njia yake.

Mtoto alipoanza kutambaa, yeye hakuwa na mapatano na mtu. Mjukuu humtazama babu yake apendavyo. Alikuwa akiliona tundu anakwenda moja kwa moja, kichwa, mabega, nyayo, anatokea ng'ambo, na mimi nabaki nimeshika kisu nikisikiliza. Akinyamaza nilihesabu. Akipiga kelele nilisubiri ya pili, ndipo niendelee kumenya.

Kisha akajaa nyama, na siku moja akakwama. Kichwa na mkono mmoja vilikuwa kwao, tumbo na miguu vilikuwa kwangu. Akalia. Nikatupa kisu nikashika vifundo vyake nikavuta, na nikahisi, kupitia mwili ule mfupi, kwamba upande wa pili kuna mtu anayevuta pia. Hakuna aliyesema neno. Nikavuta kidogo, akavuta kidogo. Mtoto akalia mara ya pili.

Mzee akakohoa. Mara tatu.

Nikaachia.

Akapita. Nikasikia akicheka ng'ambo, na mzee akimwambia maneno yaleyale ya Kinyakyusa ya siku aliyozaliwa. Nilikaa kwenye kigoda, mikono mitupu, nikayahesabu. Yalikuwa manne. Nilingoja ayarudie, nihakikishe.